MBA ukiwa na miaka arobaini: nani atakisoma cheti chako?

Kila dirisha la udahili linapofunguliwa, simu yangu hupata wageni. Safari hii alikuwa dada mmoja niliyewahi kufanya naye kazi. Ana miaka 39, anasimamia huduma kwa wateja kwenye tawi la benki hapa Dar es Salaam, shahada ya kwanza ya biashara anayo tangu mwaka 2009, watoto wawili, na nyumba Kibaha ambayo imesimama kwenye linta. Baada ya salamu na kuulizana hali za nyumbani, akaingia moja kwa moja: "Kaka, nikasome MBA au niachane nayo?"

Nikamrudishia swali ambalo siku hizi namuuliza kila anayenipigia kwa jambo hili la MBA, yaani shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara. "Cheti chako atakisoma nani?"

Akanyamaza kidogo, akacheka. "Si waajiri, kaka?"

"Mwajiri yupi?"

Hakuwa na jibu, na simlaumu. Mimi mwenyewe nilipojiandikisha darasa la jioni nikiwa na miaka 41 sikuwa nalo. Nilikuwa na sababu za kawaida tu: wenzangu wanasoma, bosi mpya ni kijana wa miaka 33 mwenye masters mbili, na elimu haina mwisho. Haina mwisho, kweli. Ada nayo haina.

Fungua tangazo lolote la kazi ya umeneja. Chini ya orodha ya sifa utakuta sentensi ile ile: shahada ya uzamili itakuwa sifa ya ziada. Ukiisoma kwa haraka inasikika kama upole, kwamba ukiwa nayo vizuri, usipokuwa nayo pia vizuri. Niliwahi kukaa upande wa pili wa meza na nikaona sentensi hiyo inavyofanya kazi. Tulikuwa watatu, Jumamosi asubuhi, tuna maombi mamia kadhaa ya nafasi moja, na tunatakiwa kubaki na majina kumi na mawili kabla ya chakula cha mchana. Tulipoondoa waliokosa sifa za msingi, rundo bado lilikuwa refu. Mmoja wetu akasema, "Tuanze na wenye masters." Hakuna aliyefikiri kazi ile inahitaji masters. Tulihitaji chujio tu, na chujio lilikuwa pale mezani. Wale wengine maombi yao hayakusomwa tena, na naamini mpaka leo wanadhani walizidiwa na watu wenye majina ya wakubwa.

Mwaka 1973 mchumi Michael Spence aliandika hoja ambayo baadaye ilimfanya agawane Nobel ya uchumi ya mwaka 2001 na George Akerlof na Joseph Stiglitz. Alisema elimu inaweza kumpandishia mtu mshahara hata kama haikumfundisha chochote cha kazi. Mwajiri hawezi kuona ndani ya kichwa chako, kwa hiyo anatafuta ishara, na cheti kigumu kukipata ni ishara ya kutosha kwamba una uwezo na uvumilivu. Hoja hiyo inaeleza ile Jumamosi yetu vizuri kabisa. Lakini ina upande mwingine ambao watu wa miaka arobaini hawauangalii: ishara inamhitaji msomaji asiyekufahamu. Bosi aliyekutazama ukifanya kazi kwa miaka kumi na miwili hahitaji cheti kimwambie wewe ni nani. Anajua unachelewa Jumatatu, anajua ulivyookoa mahesabu ya mwisho wa mwaka, na uamuzi wake juu yako alishaufanya muda mrefu.

Kwa hiyo MBA ina nguvu ndogo pale pale ambapo wengi wetu tunaipeleka, yaani kwa mwajiri tuliyenaye. Watu wanasoma ili waonekane na ofisi inayowaona kila siku. Mwaka wa kuhitimu wanaleta nakala ya cheti, afisa rasilimali watu anawapongeza, anaiweka kwenye faili, na kiti kinabaki kile kile. Baada ya miezi sita wanaanza kulalamika kwamba kampuni haithamini elimu.

Utumishi wa umma ni habari nyingine, kwa sababu kule anayesoma cheti si mtu, ni muundo wa utumishi wa kada yako. Muundo hauna macho ya kuona kwamba wewe ndiye unayefungua ofisi asubuhi. Unaona cheti, miaka ya kazi na nafasi iliyopo kwenye ikama, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa. Kada nyingi ngazi zake za juu zimetaja uzamili waziwazi, na kwa mtumishi aliyefika chini ya ngazi hizo MBA ina msomaji wa uhakika. Karatasi yenyewe ipo kwa afisa utumishi, mtu aiombe aisome kabla hajalipa hata fomu. Aangalie pia kama masomo yake yamo kwenye mpango wa mafunzo wa ofisi na kama ruhusa ipo kwa maandishi. Na asidanganyike kwamba kila shahada mpya humpandisha. Mwalimu anayemaliza MBA halafu akaomba kuhamia kada ya maafisa utawala anaweza kujikuta anaanzia ngazi ya kuingilia ya kada mpya, akibaki na mshahara wake wa zamani kama mshahara binafsi mpaka cheo kimfikie. Nimeona watu wenye mvi wakirudi kuwa wageni.

Wapo pia wasomaji ambao MBA hawana haja nayo. Mhasibu na mkaguzi wanasomwa na bodi ya wahasibu, NBAA, kwa CPA, cheti cha uhasibu cha kitaaluma. Mtu wa ununuzi na ugavi anasomwa na bodi ya taaluma yake, PSPTB. Hivi ni vyeti vyenye sheria nyuma yake, na nafasi inayotaka CPA haizibwi na MBA hata ukiwa umeipata kwa heshima ya juu. Bado kila mwaka nawakuta wahasibu waliokwama mitihani miwili ya bodi wamehamia MBA kwa sababu, wakiniambia ukweli, darasani kuna unafuu. Unafuu upo. Ila mwenye tangazo naye anaujua.

Mashirika ya miradi yako katikati. Andiko la kuomba fedha linapoandikwa, mfadhili hupenda kuona uzamili kwenye wasifu wa meneja wa mradi, kwa hiyo huko cheti kina bei. Lakini mwaka 2025, Marekani ilipoivunja USAID, shirika lake la misaada, wenye masters nzuri sana walijikuta nyumbani ndani ya wiki chache. Cheti hakikuwa kosa lao, wala hakikuwakinga.

Sasa hela, maana hapa ndipo nilipomkalisha yule dada kwa nusu saa nzima. Yeye alikuwa na hesabu moja: nikipanda cheo mshahara utaongezeka laki nne kwa mwezi, ndani ya miaka miwili nimerudisha ada. Nikamwambia tuipitie pamoja kwa tarakimu za mfano, kila mtu ataweka zake.

Tuseme ada, vitabu, nauli na gharama za utafiti vinafika shilingi milioni 9, na anazikopa benki kama mkopo wa mshahara kwa riba ya asilimia 16 inayohesabiwa kwenye salio, miezi 36. Kila mwezi atakatwa kama 316,000, na mpaka amalize atakuwa amelipa karibu milioni 11.4. Upande wa pili, ile nyongeza ya laki nne haifiki mkononi ikiwa nzima. NSSF wanachukua asilimia 10, yaani elfu 40. Kwenye 360,000 iliyobaki, kwa kuwa mshahara wake tayari umeshavuka milioni moja, TRA wanachukua asilimia 30, yaani 108,000. Imebaki 252,000. Kisha ile Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ambayo bado inamdai tangu shahada ya kwanza, inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na nyongeza imeingia humo: elfu 60 nyingine. Mkononi, 192,000.

Akasema, "Kaka, hiyo si hata rejesho la mkopo."

Ndiyo, si hata rejesho la mkopo. Nitakuwa mwadilifu: fedha ya NSSF ni akiba yake ya uzeeni, na ya Bodi inapunguza deni ambalo angelilipa siku moja. Rais Samia alipofuta tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mikopo hiyo, Mei Mosi ya mwaka 2021 kule Mwanza, wadaiwa wa rika lake walipumua. Lakini ada ya watoto ya Januari hailipwi kwa akiba ya uzeeni. Kwa 192,000 kwa mwezi anahitaji miezi 59 kurudisha milioni 11.4, karibu miaka mitano, na saa inaanza kuhesabu siku atakayopandishwa, si siku atakayovaa joho. Yeye ana 39. Akimaliza na 41 na kupandishwa mara moja, atakuwa amejilipa akiwa na 46, bado ana miaka 14 ya kazi mpaka 60. Hapo kuna biashara. Mwenye miaka 52 akifanya hesabu hiyo hiyo anafika 59, mwaka mmoja kabla ya keki ya kuagwa.

Yote hayo ni kama cheo kipo kinachomsubiri. Kama hakipo, hesabu ina upande mmoja tu.

Kuna watakaoniambia nimeigeuza elimu kuwa duka. Labda. Lakini MBA yenyewe ilizaliwa dukani. Harvard ilipoianzisha mwaka 1908, shabaha ilikuwa kuwapa makampuni ya Marekani mameneja. Na ile ya watu walio kazini, inayoitwa executive, ilianza Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1943, vita ikiendelea, kwa ajili ya watu ambao wasingeweza kuacha ofisi zao kwenda kukaa darasani mchana. Sisi wa madarasa ya jioni ni watoto wa Chicago kuliko wa Harvard, ingawa kwenye picha za mahafali hatupendi kusema hivyo.

Na kusoma kwenyewe? Hapa lazima nikiri kitu kinachoharibu ubaridi wa hesabu zangu. Nilijifunza. Si mikakati ya Kodak na Nokia, ambazo nadhani kila mwalimu wa biashara amepewa na Mungu. Nilijifunza kusoma mtiririko wa fedha. Kwa miaka kumi na tano nilikuwa nikiletewa taarifa za hesabu, naangalia mstari wa faida, natikisa kichwa na kusaini. Mwalimu mmoja, mkimya, mwenye shati la mikono mifupi hata kukiwa na mvua, alituonyesha kwa jioni tatu jinsi kampuni yenye faida nzuri inavyokufa kwa kukosa fedha ya kulipa mishahara ya mwezi. Jioni ya tatu nilirudi nyumbani nikijua kwa nini mteja wetu mmoja mkubwa alikuwa akituchelewesha malipo, na kwamba hatatulipa kabisa. Hakutulipa. Ningeweza kujifunza hilo kwa kozi fupi ya wiki mbili? Pengine. Lakini sikuwahi kuitafuta kozi hiyo kwa miaka kumi na tano, kwa sababu sikujua kwamba sijui.

Kitu kingine ni wanadarasa. Kijana wa miaka 24 aliyetoka shahada ya kwanza moja kwa moja anakaa kwenye MBA kama anayesimuliwa safari ya nchi asiyoijua. Mtu wa makamo anabishana na mwalimu. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka kwa mgomo wa kodi na usajili wa maghala, jioni hiyo darasa letu lilikuwa na mada ya usimamizi wa ugavi. Hatukufika hata ukurasa wa kwanza. Alikuwepo mtu wa forodha, alikuwepo mama mwenye duka la vitenge mtaa wa pili kutoka sokoni, na mtu wa benki aliyekuwa amewakopesha nusu ya waliogoma. Saa tatu usiku mlinzi alikuja kuzima taa akatukuta bado tunagombana. Sijawahi kuona somo zuri kuliko lile, na halikuwemo kwenye ratiba. Siku hizi kundi letu la WhatsApp limebaki la michango ya harusi na misiba, lakini mara mbili nimempeleka mtu kwenye kazi kupitia humo, na mara moja limenipeleka mimi. Angalia tena ile hoja ya ishara: wanadarasa wako walianza wakiwa hawakufahamu, wakakusoma kwa miaka miwili. Hao ni wasomaji pia, na wanasoma kwa makini kuliko HR.

Ndiyo maana ninayemjua anataka kusoma kwa njia ya mtandao peke yake chumbani namuuliza mara mbili. Chuo Kikuu Huria, kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1994, kimewafikisha watu wa Tunduru na Kasulu mahali ambapo Mlimani wala Mzumbe wasingewafikisha, na kwa mtumishi anayetaka cheti kwa ajili ya muundo wa kada hilo linatosha kabisa. Kwa anayetaka watu, halitoshi. Na kwa wanaopenda vyuo vya nje vya mtandaoni vyenye majina matamu, Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ndiyo inayotambua vyeti hivyo hapa nchini. Jibu lao litafutwe kabla ya kutuma dola, si baada.

Nimeacha mwisho jambo ambalo brosha hazilitaji. Masomo ya darasani watu wazima wanayamaliza. Wanakula sapu, ile mitihani ya marudio, moja mbili, wanabebana kwenye kazi za vikundi ambako mmoja anaandika na watano wanaweka majina, wanapita. Wanapokwama ni kwenye tasnifu. Darasa lina ratiba, lina wenzako, lina mlinzi wa kuzima taa. Tasnifu haina mtu. Ni wewe, dodoso ambalo hakuna anayelijaza, na msimamizi mwenye wanafunzi wengi kuliko anavyoweza kuwakumbuka. Mimi sura yangu ya pili ilikaa kwa msimamizi wangu miezi minne, iliporudi ilikuwa na neno moja kwa kalamu nyekundu, "Boresha." Uliza ofisini kwako, utawapata watu wanaojitambulisha kuwa wana masters, ukichimba wanasema "nimebakiza utafiti tu." Mwaka wa kwanza ni kweli. Mwaka wa sita ni cheo.

Kwenye mwanya huo wameota waandishi wa kulipwa. Nenda kwenye stationery zilizozunguka vyuo, uliza kwa sauti ya chini, utapewa bei ya kila sura ya tasnifu. Sina maneno mazuri kwa biashara hiyo. Mtu aliyelipa milioni 9 apate ishara ya uvumilivu, kisha akamlipa kijana asiye na ajira amvumilie kwa niaba yake, amenunua karatasi ambayo swali la pili kwenye usaili litaichana. Na yule kijana, mara nyingi, ndiye aliyepaswa kupata ile kazi.

Kwa hiyo anayepanga miezi 18 apange miaka mitatu. Na nyumbani wajue hivyo. Mwenzi aliyeambiwa mwaka na nusu ataubeba mwaka na nusu. Wa pili unapokatika, kila jioni ya maktaba inakuwa kesi.

Najua kuna msomaji anayesubiri nimtaje Bakhresa, aliyeacha shule akiwa na miaka 14 akauza viazi, au Bob Collymore aliyeiongoza Safaricom, kampuni ya simu ya Kenya, kuanzia 2010 mpaka alipofariki mwaka 2019 bila kuwa na shahada ya chuo kikuu. Hao hawatusaidii. Mmoja alijiajiri, hakuwahi kuhitaji msomaji. Mwingine alipanda kupitia British Telecom na Vodafone, hatua kwa hatua, mbele ya watu waliokuwa wakimwona kazini. Ukipeleka maombi ya kazi kwenye kampuni yoyote ya ukubwa huo leo, cheti utaulizwa.

Yule dada alinipigia tena baada ya wiki mbili. Alikuwa ameenda makao makuu kwa kisingizio cha mafunzo, akamtafuta mtu wa idara anayoitamani, ukaguzi wa ndani, akamwomba amwonyeshe sifa za nafasi mbili zilizo juu yake. Zote mbili zilianza na CPA. Uzamili ulikuwa mstari wa mwisho, na ile sentensi yake ya sifa ya ziada.

"Mitihani ya bodi ni Mei na Novemba," akasema. "Na darasa la MBA nalo linaanza Novemba hiyo hiyo."

"Umelipia ipi?"

"Ya bodi. Ile fomu ya MBA bado ipo kwenye simu, nimejaza mpaka ukurasa wa tatu." Akasita. "Dirisha linafungwa Ijumaa, kaka. Sijaifuta."